Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Uchaguzi wa Jukwaa la Mafunzo ya Kulipia

Ndugu Wanachama,

Mkutano Mkuu uliopita uliiagiza Kamati ya Utendaji itafute jukwaa la mtandaoni ambalo wakufunzi wetu watalitumia kuuza mafunzo kwa malipo ya kila mwezi, liwe la gharama nafuu, na lisimlazimu mwanachama yeyote kugeuka fundi wa kompyuta. Hesabu za chama zimo katika taarifa ya Mweka Hazina, na masuala ya uanachama atayaeleza Katibu. Mimi nitabaki kwenye agizo hilo, kwa kuwa ndilo linalosubiri uamuzi wenu.

Tulianza na majukwaa yanayojulikana zaidi kwa kazi hii, kama vile Teachable na Thinkific, ambayo mkufunzi anaweza kujisajili asubuhi na kufikia jioni akawa na ukurasa wa kuuzia somo lake. Kwa sura na wepesi wa matumizi, Kamati haikuona la kuyashinda. Yalitushinda kwenye mapokezi ya fedha. Majukwaa hayo yamejengwa juu ya malipo ya kadi, na fedha hupitia hasa Stripe na PayPal, kampuni za kupitishia malipo ya mtandaoni, ilhali Tanzania haimo katika orodha ya nchi ambazo Stripe hufungulia wafanyabiashara akaunti. Mteja wetu wa Mbagala au Kariakoo hulipa kwa M-Pesa, Airtel Money, Mixx by Yas au HaloPesa. Kadi huenda anayo, lakini ni ya kutolea fedha kwenye mashine ya benki, na hana sababu ya kuiandika namba yake kwenye tovuti ya mbali ili ajifunze kutunza vitabu vya duka.

Hapo ndipo wazo lenyewe la malipo ya kila mwezi lilipotulazimu kufikiri upya. Kwa kadi, jukwaa hukata fedha lenyewe kila mwezi bila kumuuliza mtu. Kwa simu, kwa utaratibu uliozoeleka hapa nchini, mlipaji hupokea ombi kwenye simu yake na lazima aingize namba ya siri kila mara. Kwa hiyo Kamati inapendekeza tuuze muda uliolipiwa kabla, kama watu wanavyolipia king'amuzi: mwanafunzi analipia siku 30, anafunguliwa masomo, na muda ukiisha yanajifunga mpaka alipie tena. Mapato ya namna hii hupanda na kushuka, na mkufunzi atalazimika kutuma ujumbe wa kukumbusha siku chache kabla ya muda kwisha. Hata hivyo, mimi binafsi naona utaratibu huu ni wa haki zaidi, kwani hakuna mtu atakayeendelea kukatwa fedha kwa somo aliloacha kulifuata tangu mwaka jana.

Kuhusu unafuu, naomba wanachama wasidanganyike na neno “bure” linaloandikwa juu ya baadhi ya vifurushi. Mara nyingi kifurushi kisicho na ada hulipiwa kwa asilimia ya kila mauzo. Tuchukue mfano wa mkufunzi anayetoza shilingi 20,000 kwa mwezi na mwenye wanafunzi 50: mapato yake ni shilingi 1,000,000, na makato ya asilimia 5 ni shilingi 50,000 kila mwezi, yaani shilingi 600,000 kwa mwaka, tena yanaongezeka kadiri anavyofanikiwa. Wapo pia watoa huduma wanaotoza kwa kila mwanafunzi aliyesajiliwa, hata kama hajafungua somo. Jambo jingine ni kwamba vifurushi vingi hulipiwa kwa dola, na sisi tunauza kwa shilingi. Kanuni za matumizi ya fedha za kigeni za mwaka 2025 zinakataza kutoza huduma za ndani kwa fedha za kigeni, hivyo hasara ya kubadilika kwa thamani ya shilingi itabaki kwetu na hatuwezi kuisukuma kwa mteja.

Baada ya kupima hayo yote, Kamati imeafikiana juu ya Moodle, programu huria ya kuendeshea masomo mtandaoni, iliyoanzishwa na Martin Dougiamas huko Australia, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2002, na ambayo wengi wenu mmekutana nayo vyuoni. Programu yenyewe hailipiwi. Kinacholipiwa ni seva, yaani kompyuta ya mtandaoni inayohifadhi jukwaa, na mtu wa kuitunza. Wenye Moodle wanayo huduma yao ya kukodisha, MoodleCloud, ambayo ni nafuu na haina usumbufu, ila hairuhusu mteja kupachika viongezi vyake mwenyewe, yaani programu ndogo za kuongezea jukwaa kazi mpya. Bila kiongezi cha malipo hatuwezi kuiunganisha na kampuni za hapa za kupokea fedha za simu, kama Selcom au Pesapal. Kwa sababu hiyo tunapendekeza kukodi nafasi kwa mtoa huduma anayeruhusu viongezi na anayehusika mwenyewe na masahihisho ya usalama na nakala za akiba. Itagharimu zaidi kidogo ya MoodleCloud, na Kamati inaona tofauti hiyo ina thamani yake.

Sababu nyingine, na kwangu ndiyo nzito kuliko zote, ni uwezo wa kuhama. Kozi ya Moodle hutolewa nzima katika faili moja, pamoja na maswali na mpangilio wake, na kurejeshwa kwenye Moodle nyingine yoyote. Kwenye majukwaa mengi ya kibiashara mkufunzi anayeondoka hupakua video zake moja baada ya nyingine, kisha anaanza kupanga upya.

Wakufunzi wanaopenda kurekodi kila kitu kwa video waizingatie hesabu hii: saa moja ya video ya kilobiti 500 kwa sekunde hula takriban megabaiti 225 za bando la mwanafunzi, wakati sauti peke yake ya kilobiti 32 hula kama megabaiti 14. Programu ya simu ya Moodle humruhusu mwanafunzi kupakua somo na kulisoma bila intaneti. Waliokwama Mei 2024, nyaya za chini ya bahari zilipopata hitilafu, hawahitaji kuelezwa faida yake.

Mwisho ni sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu asajiliwe na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na inaweka masharti ya kuzisafirisha taarifa hizo nje ya nchi. Majina na namba za simu za wanafunzi zimo humo. Katibu ameagizwa kukamilisha usajili kabla ya mwanafunzi wa kwanza kuandikishwa.

Kamati inaomba Mkutano uamue mambo mawili: kwanza, kuidhinisha mkataba wa mwaka mmoja wa kukodi seva kwa jina la chama, pili, kuamua ikiwa kila mkufunzi atachangia ada sawa, au atachangia kwa nafasi anayotumia kwenye seva. Kamati inapendelea njia ya pili. Nywila kuu ya jukwaa itashikwa na Katibu na Mweka Hazina kwa pamoja.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti,
Dar es Salaam