Fomu ya mnufaika iliyobaki kwenye droo

Mhariri,

Ndugu wanapofikishana mahakamani Milimani kwa pesa za bima ya maisha, ugomvi mara nyingi huwa juu ya karatasi moja: fomu ya kubadilisha mnufaika iliyookotwa kwenye droo baada ya mazishi. Imejazwa, ina sahihi, ila haikufika kampuni. Kuitetea ni kazi ngumu, kwani kampuni hufuata jina lililokuwa kwenye rekodi zake mteja alipofariki. Kumwandikia wakala kwenye WhatsApp "mtoe huyo, weka mama" hakubadilishi kitu.

Kwenye fomu, andika nambari ya polisi (yaani mkataba wa bima), majina ya wanufaika yote kama yalivyo kwenye kitambulisho, uhusiano, na mgao wa kila mmoja. Mgao ujumlishwe hadi asilimia 100. Kuna wanaoandika 60 na 50, kisha wanaachia wajane hesabu hiyo. Usiandike "watoto wangu" tu, maana nyumba ya pili nayo ina watoto. Shahidi asiwe mnufaika. Peleka nakala mbili, yako ipigwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, kisha udai barua ya kuthibitisha kuwa jina limebadilishwa. Muhuri pekee unaonyesha tu kwamba karatasi ilifika.

Ikiwa mnufaika wa kwanza aliandikwa kuwa hawezi kuondolewa bila ridhaa yake, mtafute atie sahihi. Polisi iliyowekwa dhamana ya mkopo, benki hulipwa deni lake kwanza.

Wengi hudhani wosia utarekebisha mambo. Mahakama Kuu imewahi kuamua kwamba pesa zenye mnufaika aliyetajwa haziingii kwenye mirathi, hivyo wosia hauzigusi. Talaka nayo haimfuti mtu kwenye polisi. Lakini kama hakuna mnufaika aliyetajwa, pesa huenda kwenye mirathi: ombi la kusimamia mirathi litangazwe katika Gazeti Rasmi, pingamizi zisubiriwe siku 30, na hata hati ya usimamizi ikitoka, kwa kawaida huthibitishwa baada ya miezi 6. Karo haisubiri.

Bima ya kazini ina fomu yake, tofauti na ya pensheni. Kwenye pensheni, wadhamini hulipa kwa kufuata kanuni za mpango, na kanuni nyingine huwaruhusu kumpa mtegemezi ambaye hukumtaja. Ukibadilisha moja, uliza ofisi ya wafanyakazi ile nyingine ina jina la nani.

Mdau wa bima,
Nairobi