Reli ya Kasese isisahaulike

Mhariri,

Kila reli ya zamani inapotajwa, tunasikia habari za kahawa, pamba na simba wa Tsavo. Reli ya shaba haitajwi kabisa, ingawa mzigo wake uliishia hapa hapa bandarini Kilindini.

Njia ya kutoka Kampala hadi Kasese, chini ya milima ya Rwenzori, ilikamilika mwaka 1956. Sababu kubwa ya kuijenga ilikuwa shaba ya mgodi wa Kilembe. Madini hayakuyeyushwa kule kule mgodini: treni iliyapeleka Jinja, kwa kuwa umeme ulikuwa huko, kwenye bwawa la Owen Falls lililofunguliwa miaka miwili kabla. Kutoka Jinja, shaba ikaletwa Mombasa na kupakiwa melini. Mji wa Kasese wenyewe ulikua kwa sababu ya mgodi na stesheni hiyo.

Kisha mambo yakaharibika mfululizo. Utawala wa Amin, kuvunjika kwa Jumuiya mwaka 1977, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 uchimbaji ukasimama. Treni ziliendelea kwa kusuasua hadi miaka ya 1990, halafu basi. Reli iliyojengwa kwa ajili ya mzigo mmoja ina maisha ya mzigo huo, na sidhani waliopanga walilifikiria hilo.

Leo tunajadili reli mpya za ukanda wetu. Naomba gazeti lako litume mwandishi Kasese, awahoji wafanyakazi wa zamani wa reli wangali hai.

Msomaji wako,
Mombasa