Shangazi, kabla hujashika bomba la dawa, shika simu

Shangazi yangu mpendwa, shikamoo.

Picha ya mdudu wa kwenye mnyanya wako uliyonitumia juzi nimeifungua mara nyingi. Naona rangi ya kijani, naona kivuli cha mkono wako, na katikati kuna kitu kirefu kisicho na umbo. Chini yake umeandika: "Mdudu gani huyu, nimpulizie nini?" Kabla sijakujibu ukaniambia umeshapulizia dawa iliyobaki stoo. Nimeamua kukujibu kwa barua, na barua yenyewe naiweka hapa wazi, kwa sababu swali lako naulizwa na wengi, na karibu wote wameanza kama wewe: dawa kwanza, jina la mdudu baadaye.

Nakuomba tuugeuze huo utaratibu. Nina sababu.

Msimu uliopita nilimkuta kiwavi mnene wa kijani kwenye mnyanya wangu, ana kipembe mkiani, na mgongo wake umejaa vitu vyeupe vilivyosimama wima kama punje za mchele. Nikajua ni mayai yake. Nikampiga picha moja, nikamwangusha chini, nikamkanyaga. Usiku nilipoikuza ile picha nikaona kwamba kila punje imesokotwa kwa nyuzi laini, na moja ilikuwa na kifuniko cha duara kilichofunguka juu, kama mtungi uliovuliwa kawa. Kiwavi hatagi, Shangazi. Anayetaga ni nondo, mama yake. Vile vilikuwa vifuko vya nyigu wadogo sana, wa jamii iitwayo Cotesia. Nyigu jike hudunga mayai ndani ya mwili wa kiwavi, watoto wake hula humo humo, kisha hutoboa ngozi na kujisokotea vifuko mgongoni. Kiwavi akifikia hapo hali tena, anasubiri kufa. Nilikuwa nimekanyaga kundi zima la nyigu ambao wangetoka kwenda kuwasaka viwavi wengine bustanini mwangu. Iliniuma, na bado inaniuma nikiifungua ile picha.

Sasa tuje kwenye kupiga picha, maana hapo ndipo unapokwama. Kosa lako ni kusogea karibu mno. Kamera nyingi za simu hazioni vizuri kitu kilicho karibu sana nazo. Rudi nyuma kidogo, kiasi cha kiganja kizima, gusa kioo pale alipo kiwavi hadi aonekane wazi, piga, halafu ukate picha baadaye. Nenda asubuhi na mapema: upepo umelala, na viwavi kwa ubaridi hawana haraka. Usitumie taa ya simu, jani linang'aa na mdudu anapotea. Kama kuna upepo, shika jani kwa vidole viwili vya mkono wa pili, na mkono huo uuegemeze kwenye mti wa kuegeshea mnyanya. Weka kijiti cha kiberiti kando ya mdudu ili nijue ukubwa wake.

Mpige kwa ubavuni, si kwa juu. Ubavuni ndiko kuna habari. Huko utaona mstari unaopita toka kichwani hadi mkiani, utaona miguu mitatu mitatu ya kweli karibu na kichwa, na ile minene ya tumboni inayomshikiza kwenye shina. Anayetembea kwa kujikunja mgongo kama daraja ana miguu michache ya tumboni, na huyo kwa kawaida hula majani. Wa kunitia wasiwasi ni kiwavi aitwaye funza wa matunda, yule ambaye wataalamu humwita Helicoverpa armigera. Usimtambue kwa rangi, utakosea: anaweza kuwa kijani, kahawia, manjano, hata wa pinki, wote ndugu wa mama mmoja. Tafuta ile mistari ya ubavuni, kisha tazama anachokifanya. Hutoboa nyanya karibu na kikonyo, akaingiza kichwa na nusu ya mwili, nusu nyingine ikabaki nje. Akitoka hapo anahamia tunda jingine, ndiyo maana kiwavi mmoja anaweza kukuharibia nyanya kadhaa.

Kuna picha nyingine ninayoitaka sana kutoka kwako. Chukua jani lenye mabaka yaliyokauka kama karatasi, liinue lielekee jua, upige kwa chini yake. Mwanga ukipenya utaona kati ya ngozi mbili za jani kuna uwazi, na ndani yake kivuli cha kiwavi mdogo sana, na weusi kidogo uliokusanyika upande mmoja, ambao ni kinyesi chake. Huyo ni Tuta absoluta, wakulima wengi wanamwita kantangaze. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Mwaka 2006 alionekana Hispania, na toka hapo amesambaa Ulaya, Afrika na Asia. Kama badala ya baka unaona kijia chembamba kinachopindapinda, huyo ni funza wa inzi, si kiwavi, na shauri lake ni jingine kabisa. Unaona, Shangazi? Jani moja, jua, na simu yako, tumeshajua tunashughulika na nani.

Kantangaze ameshazoea dawa nyingi za viwandani, na ile uliyopulizia juzi inawezekana haikumgusa kule ndani alikojificha. Waliokufa huenda ni nyigu. Kwa huyu, chuma majani yenye mabaka yote, yatie kwenye mfuko wa plastiki, funga kabisa, anika juani siku kadhaa. Usiyaache chini ya mnyanya, wala usiyatupe kwenye mboji.

Kwa funza wa matunda na wale walaji majani, mikono yako inatosha kama miche si mingi. Nenda jioni au usiku na tochi, na ndoo ya maji ya sabuni. Ukikosa kumwona, mtafute kwa kinyesi chake: vipunje vyeusi juu ya jani la chini maana yake mwenyewe yuko juu kidogo ya hapo. Hawa wa nyanya wengi hawana manyoya ya kuwasha, na kile kipembe cha mkiani hakichomi. Tunda lililotobolewa liondoe lote, kwa sababu kiwavi akishiba hushuka ardhini kujigeuza, na atarudi akiwa nondo. Pindua majani ya juu karibu na maua; mayai ya funza wa matunda hutagwa moja moja, meupe, madogo kuliko kichwa cha pini.

Wakizidi mikono, ipo dawa ninayoiamini. Ni bakteria aitwaye Bacillus thuringiensis. Mwaka 1901 Mjapani Ishiwata aligundua kwamba bakteria huyo ndiye aliyekuwa akiwaua viwavi wa hariri, hasara tupu kwa wafugaji wao. Mwaka 1911 Ernst Berliner akampata tena kwa viwavi wa nondo wa unga, jimbo la Thuringia huko Ujerumani, na jina likatoka huko. Kiwavi lazima amle ndipo afe, kwa hiyo pulizia chini na juu ya majani, wakati viwavi bado wadogo na hawajaingia ndani ya tunda. Pulizia jioni, maana jua humharibu upesi, na baada ya mvua itabidi urudie. Nyigu haguswi.

Ile dawa ya stoo, tafadhali soma kibandiko chake kabla hujachuma nyanya yoyote. Kuna siku za kusubiri zimeandikwa pale. Kama kibandiko kimefutika, usiitumie tena kwenye kitu cha kuliwa.

Kesho asubuhi nitumie picha tatu: mnyanya mzima, jani ulilolielekeza juani, na kiwavi kwa ubavuni pamoja na kijiti chake. Ukimkuta aliyebeba punje nyeupe mgongoni, mpige picha umwache hapo hapo alipo.

Mtoto wa kaka yako.