Barua ya wazi kwa Waziri wa Ulinzi: msiwapandishe tena vijana kwenye vifaru vya T-55 kabla ya kuweka mfumo wa kuzima moto

Mheshimiwa Waziri,

Salaam, pamoja na heshima zinazostahili cheo chako.

YAH: VIFARU VYA T-55 VINAVYOITWA VYA KISASA

Nakuandikia hadharani kwa sababu barua nilizokuandikia kimya kimya, kwa kupitia ngazi zote kama utaratibu unavyotaka, hazikupata jibu. Ningeendelea kungoja lau si moto wa juzi mazoezini. Kifaru kiliwaka upande wa injini. Watatu waliokuwa kwenye mnara, ile sehemu ya juu inayozunguka na mzinga, waliruka wakatoka. Dereva alitoka wa mwisho, mikono yake yote miwili imeungua. Taarifa iliyotolewa ikasema ni "hitilafu ndogo ya kiufundi."

Mheshimiwa, mimi nimeendesha T-55, kifaru cha zamani cha Kisovieti, kisha nikawa fundi wake karakanani mpaka nilipostaafu. Mahali anapokaa dereva napajua. Anakaa mbele kushoto, na upande wake wa kulia, karibu kiasi cha kuligusa, kuna tangi la mafuta lenye matundu, na ndani ya matundu hayo yamechomekwa makombora ya mzinga. Kifaru kizima hubeba makombora 43. Moto ndani ya chombo kama hicho hauwezi kuitwa mdogo na mtu aliyewahi kukaa kwenye kiti kile.

Leo anayekaa kwenye kiti hicho ni mwanangu. Si yule aliyeungua, ila wako kikosi kimoja, na wiki ijayo amepangiwa zamu.

Nikukumbushe maneno yako siku vifaru "vilivyoboreshwa" vilipoonyeshwa kwa wananchi. Ulisema hakuna askari wetu atakayepanda tena chombo kisichoweza kumlinda. Tulikupigia makofi, nami nilipiga, maana niliamini. Baadaye nikawauliza vijana wa karakana kilichobadilishwa. Rangi mpya. Redio mpya. Darubini ya joto ya mpiga mzinga, inayoona vitu kwa joto lake hata gizani. Matofali ya kulipuka mbele na ubavuni, yanayolipuka yakigongwa ili kulivuruga kombora la adui, na kichanja cha chuma juu ya mnara kwa ajili ya droni.

Sisemi kazi hiyo ni bure. Darubini ya joto ni jambo kubwa mno. Februari 1991, katika mapigano ya 73 Easting huko Iraki, vifaru vya Marekani viliona kupitia dhoruba ya mchanga na kupiga vifaru vya Iraki ambavyo havikuwa na jinsi ya kuona vinakopigwa kutoka. Taa zetu za zamani za infraredi, mwanga usioonekana kwa macho matupu, zilikuwa mbaya kuliko kutokuwa nazo, kwa sababu ukiiwasha, kila adui mwenye kifaa cha kuonea usiku anakuona wewe kwanza. Kwa hiyo darubini, asante. Nasema asante kwa moyo mmoja.

Lakini mfumo wa kuzima moto haukuguswa. Ni uleule uliokuja na kifaru kutoka kiwandani. Mfumo ule hungoja vihisio vyake vipate joto ndipo ufungulie mitungi, na joto likishafika kwenye kihisio limeshafika kwenye ngozi ya mtu. Mifumo ya sasa huuona mwako wenyewe kwa jicho la mwanga na kumwaga gesi ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, kabla nguo hazijashika. Hiyo ndiyo tofauti kati ya askari kutoka amepigwa na bumbuwazi na askari kutolewa kwa machela. Na mitungi yenyewe ya zamani, nani ameipima karibuni? Niliuliza nikiwa kazini. Nimeuliza nikiwa mstaafu. Nauliza tena.

Kuhusu chanzo cha moto, sina ripoti ya uchunguzi, naeleza ninachokidhani. T-55 ina uzito wa tani 36 na injini ya nguvu-farasi 580. Ilipimiwa uzito huo. Mnapoongeza matofali, kichanja, betri na vifaa vingine bila kugusa injini, giaboksi wala mfumo wa kupoza, injini inahema siku nzima. Chuma kinapata joto kupita kiasi, viungio vya mabomba ya mafuta vinalegea kwa mtikisiko, tone moja linadondokea pasipotakiwa. Nadhani ndivyo ilivyokuwa. Mafundi walioko kazini wananiambia vivyo hivyo kwa kunong'ona, maana wanaogopa vibarua vyao. Mimi pensheni yangu ni ndogo, sina kikubwa cha kupoteza.

Walioboresha vifaru vya zamani wakafanikiwa walianzia ndani. Waisraeli walipochukua kifaru cha Centurion cha Uingereza hawakuishia kwenye kuweka mzinga wa milimita 105. Waling'oa injini ya petroli wakaweka ya dizeli, na ndivyo vifaru vilivyosimama milima ya Golan mwaka 1973. Slovenia iliichukua T-55 hii hii yetu, ikaipa mzinga wa milimita 105, deraya za kulipuka na vyombo vipya vya kulengea. 28 kati ya hizo zilipelekwa Ukraine mwaka 2022. Na kuna njia nyingine ambayo nimeililia miaka mingi. Vifaru vya T-54 na T-55 walivyoviteka vitani, Waisraeli hao hao walivivua mnara na mzinga wake, wakatia injini nyingine na deraya nene, wakafungua mlango nyuma, vikawa magari ya kubebea askari. Yanaitwa Achzarit na yana uzito wa tani 44. Uzito walioutoa kwenye mzinga waliurudisha kumlinda mtu. Pendekezo hilo niliwahi kuliandika nikiwa kazini. Nikaambiwa kifaru bila mzinga hakipendezi kwenye gwaride.

Mheshimiwa, gwaride halipigi RPG, lile kombora la kurushwa kutoka begani. RPG-7 iliingia kazini mwaka 1961, na hata kombora lake la kwanza kabisa hutoboa chuma cha milimita 260. Ubavu wa T-55 ni milimita 80. Matofali ya kulipuka husaidia pale yalipo, mara moja. Likishalipuka hapo pamebaki wazi, na makombora ya vichwa viwili yalitengenezwa mahususi kuyashinda. Siku hizi adui hahitaji hata kusogea. Katika vita vya Azabajani na Waarmenia huko Karabakh mwaka 2020, ulimwengu mzima uliona vifaru vya T-72, vipya kuliko vyetu, vikiteketezwa kutoka angani. Kichanja cha juu kinasaidia dhidi ya droni ndogo, sikatai, ila nimeona picha ya hiki cha kwetu: nguzo yake imepita karibu na kifuniko cha mpakiaji. Aliyechora mchoro ule hajawahi kutoka kwenye kifaru kinachowaka. Mimi nimewahi.

Nilitoka. Rafiki yangu aliyekuwa mpakiaji hakutoka. Tangu hapo sikio langu la kushoto halisikii, mgongo hauniruhusu kulala chali, na fomu zangu za fidia zimezunguka ofisini mpaka karatasi zimekuwa njano. Mama yake mwanangu hajui kwamba nimeandika barua hii. Anajua tu kwamba simu ikilia usiku, mimi ndiye ninayeipokea.

Nilikuwa nimepanga kukuomba mengi: injini mpya, au mnara uondolewe, springi zibadilishwe kabla ya kuongeza hata kilo moja, makombora yapunguzwe karibu na dereva, maana kwenye mazoezi hakuna haja ya kubeba shehena nzima, wanaokagua wawe watu waliowahi kuvipanda. Yote nayataka. Ila najua nitajibiwa kwamba bajeti haitoshi, na huenda kweli haitoshi.

Basi nakuomba moja. Mfumo wa kuzima moto wenye jicho la mwanga, katika sehemu wanayokaa watu na katika sehemu ya injini, kwenye kila kifaru kinachotembea. Hauhitaji kubadilisha mzinga wala mnara. Vinaingia mitungi, vihisio na nyaya, na mafundi wa kuifunga tunao. Mpaka ufungwe, toa amri vifaru hivyo visimame, visiende mazoezini, visiende gwaride, visiende popote na mtu ndani yake. Amri hiyo ni ya saini yako peke yako, haihitaji bajeti.

Zamu ya mwanangu ni Jumatatu. Naomba saini hiyo kabla ya Jumatatu.

Wako mtiifu,

Dereva na fundi mstaafu wa vifaru