Alizeti mwitu ing'olewe kabla haijachanua

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasihi wakaaji wenzangu wa Lubumbashi wabadili majira ya kusafisha bustani. Kila mwaka, mvua zikishakatika, ndipo tunapotoka na mapanga kuikata ile alizeti mwitu yenye asili ya Meksiko na nchi za jirani yake, ambayo leo imezizingira nyua zetu na kingo za barabara. Tunaichoma, tukidhani kazi imekwisha. Kufikia wakati huo mbegu zake nyepesi zimekwisha kupeperuka hadi kwa jirani, na visiki vinangoja mvua za Novemba vichipuke upya.

Mimi hung'oa Februari, udongo ungali laini na mmea haujatoa ua hata moja. Majani siyachomi: yana naitrojeni nyingi, na yakifukiwa kwenye matuta huoza upesi, yakalisha mahindi. Mashina ndiyo ya kuangaliwa. Mwaka wa kwanza niliyalaza mabichi kando ya mtaro, yakashika mizizi, nikajikuta na uzio mpya wa alizeti nisiouomba. Lantana, kichaka kingine kinachotuvamia, ni mbishi zaidi, kwani ndege humeza vitunda vyake vyeusi na kudondosha mbegu chini ya kila waya wa umeme. Hiyo huchimbwa mpaka kisiki chote kitoke.

Kuhusu cha kupanda badala yake, sioni maana ya nyasi za kumwagiliwa kila jioni katika mji unaokaa karibu nusu mwaka pasipo mvua, tena mtaani kwetu ambako bomba hutoa maji usiku wa manane tu. Shubiri, mchaichai na bugenvilia hustahimili kiangazi. Hata hivyo, ningependa zaidi tuirudishe miti ya miombo yetu, hasa masuku, mti wa porini wenye matunda yaliwayo. Mbegu ya masuku haihifadhiki. Ipandwe mara tunda likishaliwa, wakati wachuuzi wangali wakiyauza barabarani, nayo iwekwe katika udongo uliochotwa chini ya mti mkubwa wa aina hiyohiyo, kwa sababu mizizi yake hulishwa kwa msaada wa kuvu walio katika udongo huo. Miche yangu miwili niliyoiotesha katika mchanga wa mtoni ilidumaa, ikafa. Mitatu iliyofuata, iliyopata udongo wa porini, imevuka kiangazi chake cha kwanza kwa kopo moja la maji kwa juma. Anayekwenda kuchota udongo huo asibebe gunia, maana kopo moja linautosha mche, na mizizi ya mti mkubwa isiachwe wazi juani.

Mkaaji wa Katuba,
Lubumbashi