Kabla ya Kuchagua Vifungio vya Ubao wa Theluji, Tuletee Buti Zako

Kila ifikapo mwezi wa Novemba, theluji inapoanza kushika kwenye milima iliyo magharibi ya Calgary, dukani kwetu huingia mteja ambaye sasa tunamfahamu hata kabla hajasema neno. Amekwisha kununua ubao wa theluji (snowboard), amekwisha kununua vifungio vya kushikia buti juu yake, mara nyingi vya mtumba kutoka kwa mtu aliyetangaza mtandaoni, na anachotaka ni kufungiwa tu ili Jumamosi aende zake kuteleza kwenye viwanja vya mlimani vya Nakiska au Sunshine Village. Tunampokea kwa furaha, tunaweka vitu mezani, kisha tunamwomba buti zake. Hapo ndipo mambo hukwama, kwa sababu buti hajazileta, au hajazinunua kabisa na anafikiri atakodi zozote mlimani. Makala hii tumeiandika kwa ajili yake, na kwa ajili ya Waswahili wote wa mji huu na kwingineko Kanada ambao wameanza kuupenda mchezo huu bila kuwa na mtu wa nyumbani wa kuwaelekeza.

Ubao wa theluji hauna usukani. Unaelekezwa kwa uzito wa mwili wako, unapobonyeza vidole ili ukingo wa mbele ushike theluji, au unapokalia visigino ili ukingo wa nyuma ushike. Jake Burton Carpenter alipoanza kutengeneza mbao zake kule Vermont mwaka 1977, kifaa kilichokuwa kikijulikana ni Snurfer, kilichobuniwa mwaka 1965, ambacho mtu alisimama juu yake bila kufungwa miguu na kushika kamba iliyofungwa kwenye ncha ya mbele. Ni kufunga miguu kulikompa mpandaji uwezo wa kuulaza ubao ubavu na kukata kona kwa nguvu. Basi kifungio ndicho kinachopeleka amri ya mguu kwenye ubao, na amri hiyo hupitia kwanza ndani ya buti. Kama kisigino chako kinanyanyuka ndani ya buti, au kama buti inacheza ndani ya kifungio, ubao unaipata amri ikiwa imechelewa na imepungua nguvu, nawe unabaki kudhani kwamba hujui kuteleza.

Kuna jambo jingine ambalo wageni wengi wa mchezo huu hawaambiwi. Vifungio vya ski, zile mbao mbili nyembamba za kila mguu na wake, hujiachia mtu anapoanguka vibaya, lakini vya ubao wa theluji vimeundwa viendelee kushika miguu yote miwili mpaka wewe mwenyewe uvifungue. Kwa hiyo kifungio kilicholegea hakikupi usalama wowote wa ziada, ingawa wapo wanaoacha mikanda wazi kidogo kwa kuamini hivyo.

Sasa tuziangalie buti. Zipimwe ukiwa umevaa soksi jozi moja tu, ile utakayoivaa mlimani. Ukisimama wima, vidole viguse mbele kwa wepesi. Ukikunja magoti, virudi nyuma kidogo. Na ukijinyanyua kwa ncha za vidole, kisigino kibaki chini ndani ya buti. Usiogope buti inayobana kiasi siku ya kwanza, kwa maana ule mfuko laini wa ndani hulegea na kufuata umbo la mguu baada ya siku chache za matumizi. Buti ya ubao wa theluji iliyokuwa pana tangu dukani itazidi kupwaya, na hakuna mkanda wa kifungio utakaotibu hilo.

Buti ikishakaa sawa, ndipo tunapochagua saizi ya kifungio, na hapa jedwali la kiwandani ni mwanzo tu wa safari. Kampuni huandika S, M au L kwa kufuata namba ya buti, kama vile 9 ya wanaume kwa vipimo vya Marekani, ambayo ni sentimita 27 za mguu. Lakini kifungio hakiushiki mguu wako, kinashika buti kwa nje, na buti mbili zenye namba moja zinaweza kutofautiana kwa urefu na unene wa nje kiasi cha kubadilisha saizi ya kifungio, hasa kwa kuwa siku hizi wapo watengenezaji wanaofupisha soli kwa makusudi. Ndiyo maana tunaweka buti yenyewe ndani ya kifungio na kuitazama. Kisigino kinapaswa kuzama hadi mwisho kwenye kikombe cha nyuma bila kusukumwa kwa nguvu, na pembeni pasiwe na nafasi ya buti kwenda huku na huko. Mkanda wa kifundo ukae katikati ya buti, na bizimu yake isiwe imefika kwenye meno ya mwisho ya upande wowote. Mkanda wa vidole nao, ambao siku hizi mara nyingi hukaa kama kofia mbele ya buti, uivute buti nyuma kuelekea kisigino bila kuteleza kwenda juu kila unapokaza.

Majira ya baridi yaliyopita alikuja mama mmoja na mwanawe wa miaka kumi na mitatu. “Mwanangu, nisaidie,” aliniambia, “huyu mtoto nimeambiwa ni mwoga tu, kila akitaka kugeuka upande wa visigino anaanguka.” Kijana alikuwa amerithi vifungio vya L kutoka kwa kaka yake, na buti zake zilikuwa ndogo kiasi kwamba hata mikanda ilipokazwa hadi jino la mwisho, niliweza kupenyeza vidole viwili kati ya buti na ukuta wa kifungio. Hapakuwa na uoga hapo. Mguu ulikuwa unasafiri sentimita kadhaa kabla ubao haujasikia chochote. Tulimpa vifungio vya M vilivyotumika, tukavipanga, na wiki iliyofuata aliporudi kununua soksi alituonyesha kwa mikono jinsi anavyogeuka pande zote mbili. Nilihuzunika kufikiri kwamba alikaribia kuacha mchezo kwa kosa ambalo halikuwa lake.

Baada ya buti, kifungio lazima kikubaliane na ubao. Geuza macho kwenye matundu yaliyo juu ya ubao wako. Mbao nyingi zina matundu yaliyopangwa kwa mraba wa sentimita 4 kwa 4, au yaliyosogeleana zaidi, sentimita 2 kwa 4, ili uweze kupanua au kupunguza nafasi kati ya miguu kwa hatua ndogo. Mbao za zamani za Burton, kampuni ya yule Jake Burton Carpenter, zilikuwa na matundu matatu yaliyokaa kama pembetatu, na mbao zake za sasa zina mfereji mrefu uitwao Channel, ambao kifungio huteleza juu yake kabla ya kukazwa kwa bolti mbili. Vifungio vya kawaida huja na kisahani cha katikati kinachokubali mpangilio zaidi ya mmoja, lakini Burton pia imetengeneza vifungio vya aina ya EST vinavyokaa kwenye Channel pekee na haviwezi kufungwa kwenye ubao wenye matundu. Hivi ndivyo mara nyingi huuzwa mitandaoni kwa bei nzuri, na mnunuzi hugundua tatizo akiwa amesimama mbele yetu. Urefu wa skrubu nao una maana yake: fupi mno hung’oa uzi wa tundu, na ndefu mno husukuma hadi ikauvimbisha upande wa chini wa ubao. Ukiuziwa vifungio bila skrubu zake, usiokote zozote kwenye kopo la fundi.

Ugumu wa kifungio ndilo swali linalowapendeza wateja kuliko yote, na kwa maoni yangu hupewa uzito kupita kiasi. Watengenezaji huandika namba kati ya 1 na 10, ya chini ikiwa laini na ya juu ikiwa ngumu, lakini 5 ya kampuni moja si 5 ya nyingine. Anayejifunza atafurahia kifungio chenye ulaini wa wastani, karibu na 3 hadi 5, kwa kuwa kinamsamehe anapokosea uzito. Anayependa kuruka na kuteleza juu ya reli na masanduku yaliyowekwa mlimani kwa michezo hiyo hupenda laini pia, ili kifundo kiwe huru kujikunja. Anayeshuka kwa kasi kwenye njia ngumu za Lake Louise, au anayetafuta theluji ya unga kwenye miteremko mikali, atahitaji kigumu zaidi, chenye kiegemeo cha nyuma, ule ukuta unaopanda nyuma ya buti, kinachoitikia mara tu anapokalia kisigino. Lililo muhimu ni kwamba buti, kifungio na ubao viwe vya familia moja ya ugumu. Buti laini ndani ya kifungio kigumu hukufanya uhisi mikanda na kiegemeo vikikuchoma mguuni, na mtu mwenye mwili mzito akifuata ushauri aliopewa rafiki yake mwembamba ataona kila kitu kinamlegea.

Kuhusu namna ya kuingiza buti kwenye kifungio, mikanda miwili bado ndiyo tunayompa mtu asiyejua bado anapenda nini. Inakubali takriban buti zozote zenye saizi inayofaa, unaweza kuikaza kwa kiasi unachotaka, na vipuri vyake ni rahisi kupata. Ubaya wake ni kuketi au kuinama kila ushukapo kwenye lifti ya mlimani ukikaza bizimu kwa glavu nene wakati baridi imeshuka hadi nyuzi 25 chini ya sifuri. Kwa wateja wetu wenye mgongo au magoti yanayosumbua, tunashauri vifungio vinavyofunguka nyuma, kama vile Flow, ambapo kiegemeo hulala nawe ukachomeka mguu. Step On ya Burton, iliyotoka mwaka 2017, haina mikanda kabisa: buti hunaswa sehemu tatu, moja kisiginoni na mbili kandokando ya vidole. Ni rahisi na haraka, lakini lazima ununue buti zilizotengenezwa kwa mfumo huo, na siku ya theluji nyingi inabidi usafishe soli na kitako cha kifungio kabla ya kukanyaga, la sivyo barafu iliyoganda itazuia kunasa vizuri. Usiondoke mahali hapo mpaka uhakikishe kisigino kimeshikwa sawasawa.

Pembe za miguu tunazipanga nawe ukiwa umesimama juu ya ubao. Wengi tunawaanzisha na mguu wa mbele ukielekea mbele kwa nyuzi 15, na wa nyuma ukielekea nyuma kidogo, nyuzi 6 hivi, kisha wabadilishe wenyewe baada ya siku chache. Magoti yako yakilalamika, pembe ndizo za kwanza kuchunguzwa. Tunahakikisha pia kwamba buti imekaa katikati ya upana wa ubao, vidole na kisigino vikitokeza kwa kiasi kinacholingana, kwa sababu upande uliotokeza kupita kiasi hukwaruza theluji ubao unapolala, na hapo mtu huanguka bila kujua sababu.

Kazi hii yote huchukua takriban nusu saa, nasi huifanya hata kama vifungio hukuvinunua kwetu. Lete ubao, vifungio na skrubu zake, soksi utakazovaa, na buti. Ukishateremka mara mbili au tatu siku ya kwanza, simama ukaze skrubu zote tena kwa bisibisi, maana huwa zinajilegeza kidogo mara tu zinapoanza kazi, na uweke mfukoni bizimu moja ya akiba, kwani plastiki hupasuka kwa urahisi zaidi kwenye baridi kali. Buti zikiwa bado na unyevu wa mlimani, zilete hivyo hivyo.