Kumi toa nne toa tatu

Tanga, Jumapili usiku

Swahibu yangu,

Salamu nyingi. Hapa nyumbani hatujambo, mama anakusalimu sana. Juzi kwenye simu uliniuliza kompaila yangu, ile programu ninayoiandika ya kugeuza maandishi ya programu kuwa maagizo ya mashine, imefika wapi, nikakujibu kwa mkato. Nilikuwa nimekwama. Leo nimekwamuka.

Kuyakata maandishi ya programu vipande vipande, namba mbali na alama mbali, hakukunisumbua. Ni kama tulivyokuwa tukichambua vitenzi darasani: ni-ta-ku-pik-i-a. Shughuli iko kwenye kujua kipande kipi kinashikana na kipi, yaani kujenga mti: mchoro wa matawi unaoonyesha hesabu ipi iko ndani ya ipi.

Niliandika 2 + 3 * 4 (hiyo * ni alama ya kuzidisha), ikaleta 14. Nikafurahi mno. Nikajaribu 10 - 4 - 3, ikaleta 9! Siku tatu nilikagua mstari kwa mstari. Kumbe kanuni yangu ilisema: soma namba, soma alama ya kutoa, kisha soma hesabu yote iliyobaki. Basi 4 - 3 ikafanywa kwanza, ikawa 1, ndiyo ikatolewa kwenye 10. Nikaacha kuifanya funksheni, kile kipande cha programu kinachosoma hesabu, ijiite yenyewe hapo, nikaweka kitanzi, yaani hatua zinazorudiwa: kila ikikutana na alama ya kutoa, mti uliokwisha kujengwa unakuwa tawi la kushoto la mti mpya. Ikaleta 3. Nilipiga kelele hadi mama akaja kuuliza kulikoni.

Na kuna jambo lililonigusa zaidi. John Backus na wenzake wa kampuni ya IBM, waliotoa kompaila ya lugha ya programu ya Fortran mwaka 1957, walipanga hesabu zao kwa mabano tu. Mfano huu ni wa jumlisha na zidisha peke yake: penye + weka ))+((, penye * weka )*(, mwanzoni ((, mwishoni )). Ifanyie 2+3*4 kwenye karatasi, utapata ((2))+((3)*(4)). Mabano yenyewe yanaipa zidisha nafasi ya mbele!

Nakusihi nawe uanze. Usiwaze lugha nzima. Anza na hesabu za namba nzima, jumlisha na toa, uandike kila kitu kwa mkono wako. Ukishapata ile 3, niambie. Mimi wiki hii naanza kuugeuza mti kuwa maagizo ya mashine ya rundo, ile inayopanga namba moja juu ya nyingine na kufanya hesabu kwa mbili za juu: weka 10, weka 4, toa, weka 3, toa. Ukija sikukuu, njoo na daftari lako.

Akupendaye,
Rafiki yako wa dawati moja